Sheria hupitiwaje upya? Funzo kutoka Castle Vale

Msikilizaji, mtaa wa Castle Vale, katika jiji la Birmingham nchini Uingereza, ulijengwa miaka ya 1960 mahali palipokuwa uwanja wa ndege. Ulikuwa na majengo marefu ya ghorofa 34. Yaliyobakishwa ni mawili tu. Mengine yalibomolewa baada ya mtaa kukabidhiwa, mwaka 1993, kwa shirika maalumu la kuufufua, lililomaliza kazi mwaka 2005.

Mashirika ya aina hiyo yaliruhusiwa na Sheria ya Makazi ya mwaka 1988. Hapo awali serikali haikukusudia wapangaji wapige kura. Wapangaji wa sehemu mbalimbali walipinga, na marekebisho yaliyoingizwa katika Baraza la Malodi yakaifanya kura kuwa sharti. Wakazi wa Castle Vale walipiga kura na kukubali.

Je, ni nani huipitia sheria ikishapitishwa?

Kwa England na Wales, kazi hiyo ni ya Tume ya Sheria, iliyoundwa mwaka 1965. Ina makamishna watano, na mwenyekiti wake ni jaji. Tume hutoa waraka wa mashauriano, hupokea maoni ya wananchi na wataalamu, kisha huandika ripoti, mara nyingi ikiambatana na rasimu ya muswada.

Hata hivyo, ushauri si amri. Mwaka 2006 tume ilipendekeza sheria za upangaji ziandikwe upya kwa lugha nyepesi. Wales iliyafuata mapendekezo hayo kwa sheria ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika tarehe 1 Disemba 2022. England haikuyafuata. Huko, kifungu cha 21 cha sheria ile ile ya 1988 kiliendelea kumruhusu mwenye nyumba binafsi kumwondoa mpangaji bila kutoa sababu, mpaka sheria ya Oktoba 2025 ilipoamua kifutwe kuanzia tarehe 1 Mei 2026.

Afrika Mashariki nayo ina vyombo vya namna hiyo. Kenya iliunda tume yake mwaka 1982, na Tume ya Kurekebisha Sheria ya Tanzania ilianza kazi mwaka 1983. Nazo hupendekeza tu. Kutunga sheria ni kazi ya bunge.

Kwa hiyo mwananchi ana nafasi mbili za kusikika: wakati tume inapokusanya maoni, na wakati muswada ungali bungeni. Wapangaji wa mwaka 1988 waliitumia ile ya pili, na ndiyo maana Castle Vale iliulizwa kwanza.