Fahamu: Shimo jeusi hutafutwaje ilhali halionekani?

Shimo jeusi ni maada iliyosongamana mno kiasi kwamba uvutano wake hauruhusu hata mwanga kutoka. Wanaastronomia hulitambua kwa kutazama vilivyo jirani nalo.

Katikati ya galaksi yetu, nyota iitwayo S2 huzunguka mahali penye giza kila baada ya miaka 16 hivi. Ilipopakaribia zaidi mwaka 2018, ilikimbia zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde. Hesabu za mzunguko huo zaonyesha kuwa kinachoivuta kina uzito wa takriban Majua milioni nne! Kwangu mimi, ushahidi huu una nguvu kuliko hata picha ya mazingira ya shimo hilo jeusi iliyotolewa Mei 2022. Ndio uliowapa Reinhard Genzel na Andrea Ghez Tuzo ya Nobeli mwaka 2020, waliyogawana na Roger Penrose.

Usihofu kumezwa: shimo hilo liko umbali wa miaka ya mwanga 26,000 hivi.