Tairi Linaloliwa Upande Mmoja: Kasoro za Ekseli kwenye Trela la Safari

Tairi la trela la safari likianza kuliwa upande mmoja, mwenye trela huwa wa mwisho kujua. Usukani wa gari linalovuta hauendi kulia wala kushoto, kiti hakitetemeki, na magurudumu yenyewe yamejificha chini ya nyumba nzima yenye vitanda, jiko na friji. Dereva wa pikapu ambaye angegundua kasoro ya matairi ya mbele ya gari lake ndani ya siku chache anaweza kuvuta trela lenye ekseli iliyopinda kutoka jimbo moja la Marekani hadi jingine bila kuhisi chochote. Taarifa ya kwanza huwa ni mlipuko kwenye barabara kuu, na tairi linalopasuka kwa mwendo wa barabara hiyo huchana sakafu na kung'oa mabomba ya maji na nyaya za breki zilizo karibu nalo.

Gari dogo likienda kwa fundi kupangwa magurudumu, fundi hulegeza bolti, husogeza, kisha hukaza. Trela la kawaida halina bolti hiyo. Ekseli yake ni bomba la chuma, na ncha zinazobeba beringi na habu zimechomelewa kwenye bomba hilo kiwandani. Hanga zinazoshika springi nazo zimechomelewa kwenye chesisi. Kwa hiyo unyoofu wa magurudumu hutegemea umakini wa mchomeleaji siku ile trela lilipoundwa, pamoja na yote yaliyolipata baadaye: mashimo ya barabara, kingo za njia za waenda kwa miguu, mizigo ya kupita kiasi, na mafundi pancha wenye haraka.

Bomba la ekseli lenyewe halikunyooka tangu mwanzo, na wengi hushtuka wakiliona kwa mara ya kwanza. Limepindwa kidogo kwa makusudi, katikati pakiwa juu kuliko kwenye ncha. Trela likiwa tupu, magurudumu huinamia nje kidogo upande wa juu. Likipakiwa uzito wake wa kawaida, bomba hunyooka na magurudumu husimama wima. Likizidishiwa, katikati hubonyea, magurudumu yakainamia ndani, na mabega ya ndani ya matairi yakaanza kuliwa. Ndiyo maana vipimo vinavyochukuliwa trela likiwa tupu uwanjani haviaminiki. Trela lipimwe likiwa na mzigo wake wa safari, maji yakiwa kwenye tangi na vyombo kabatini.

Kabla ya kipimo chochote, kashata za tairi zisomwe. Tairi lililoliwa mabega yote mawili, katikati pakabaki pazima, limetembea na upepo mdogo au mzigo mkubwa. Lililoliwa katikati lilijazwa kupita kiasi. Kosa la upepo mdogo ndilo la kawaida zaidi, kwa sababu dereva amezoea psi 35 za gari lake, hali matairi maalumu ya trela, yaliyoandikwa herufi ST kabla ya kipimo, huhitaji zaidi. Yale ya daraja la mzigo C hujazwa hadi psi 50, ya D hadi 65 na ya E hadi 80, na upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi. Bandiko la kiwandani, ambalo kwa kawaida liko upande wa kushoto karibu na mbele ya trela, hutaja upepo unaotakiwa na uzito ambao kila ekseli inaruhusiwa kubeba.

Bega moja likiliwa peke yake, tena kwa ulaini, gurudumu limeinama: kwa ndani ikiwa bega la ndani ndilo lililoisha, kwa nje ikiwa ni la nje. Mabonde yanayojirudia kuzunguka tairi huashiria gurudumu ambalo halikubalansiwa, au beringi na bushi zilizolegea. Doa moja bapa hutokana na breki iliyong'ang'ania. Dalili iliyo ngumu kuonekana kwa macho hupatikana kwa kiganja. Mkono ukipitishwa juu ya kashata kwenda ndani unateleza, ukirudishwa nje unakwaruzwa na kingo kali kama meno ya msumeno. Hapo gurudumu halielekei mbele sawasawa; limegeukia ndani au nje kidogo, na kila linapozunguka linaburutwa kando.

Kuburutwa huko kunaweza kuhesabiwa. Gurudumu lililokengeuka digrii moja huteleza kando takriban mita 17 kwa kila kilomita. Robo ya digrii, ambayo hakuna jicho linaloweza kuiona, ni zaidi ya mita 4 kwa kilomita. Kwa safari ya kilomita 1,600, ambayo ni karibu umbali wa barabara kutoka Chicago hadi Denver, tairi hilo litakuwa limesuguliwa kando ya lami kwa kilomita 7. Tairi jipya haliwezi kuvumilia hilo kwa misimu mingi, hata liwe la bei gani.

Ni muhimu pia kuangalia tairi lipi limeumia. Kwenye trela la ekseli mbili, likiwa moja tu kati ya manne, shaka iende kwanza kwenye beringi na ncha ya ekseli ya hapo. Matairi mawili ya ekseli moja yakiliwa kwa namna ileile, mshukiwa ni bomba. Na yote manne yakionyesha ukwaruzo mdogo wa mabega, huenda hakuna kilichopinda. Trela lenye ekseli mbili zinazofuatana haliwezi kukata kona bila kuburuta matairi, kwa kuwa ekseli hizo zimefungwa sambamba na hazigeuki. Trela likiingizwa kinyumenyume kwenye nafasi finyu ya kambi, matairi ya mbele husukumwa upande mmoja na ya nyuma upande mwingine, hadi kuta za matairi zikabinuka waziwazi. Hilo haliepukiki kabisa, ila kona za ghafla kwenye lami kavu zinaweza kupunguzwa.

Uchunguzi wenyewe huanza kwenye mizani, si kwenye jeki. Vituo vingi vya malori nchini Marekani vina mizani inayoonyesha uzito wa kila kundi la ekseli, lakini jumla hiyo huficha mengi. Trela lenye ekseli mbili za pauni 3,500 kila moja, yaani kama kilo 1,590, linaweza kuwa ndani ya kiwango chake huku gurudumu moja likilemewa. Jiko, friji na sehemu ya ukuta inayosukumwa nje huweza kuwekwa zote upande mmoja. Tangi la lita 150 likijaa huongeza kilo 150 pale lilipo. Kupima kila gurudumu peke yake ndiko kunakofichua ukweli huo, na mara nyingine dawa yote ni kuhamisha vitu.

Trela lisimame usawa pia linapovutwa. Springi za kawaida zimeunganishwa na kisawazishi, kipande cha chuma kilicho kati ya springi ya mbele na ya nyuma, ambacho hugawa mzigo kati ya ekseli mbili. Ekseli za mpira, ambazo ndani ya bomba lake mna kamba nene za mpira badala ya springi za chuma, hazina kisawazishi. Trela la aina hiyo likiinua pua kwa sababu kiungo cha gari kiko juu mno, ekseli ya nyuma hubeba mzigo usio wake, na matairi ya nyuma huisha kabla ya mengine. Kushusha kiungo kwa sentimita chache hugharimu kidogo sana kuliko ekseli mpya.

Baada ya uzito hufuata ulegevu. Gurudumu huinuliwa, likashikwa juu na chini, kisha likatikiswa. Likicheza sana, beringi zirekebishwe au zibadilishwe kabla ya kulaumu chochote kingine. Dexter, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa ekseli hizi, huelekeza beringi zipakwe grisi upya kila baada ya miezi 12 au maili 12,000, lolote litakalotangulia. Bushi za springi ndizo zinazosahaulika zaidi. Matrela mengi hutoka kiwandani na bushi za plastiki zisizo na tundu la kupigia grisi. Zikiisha, bolti husaga chuma kitupu na tundu la shakeli hugeuka yai, ekseli ikaanza kutembea mbele na nyuma kila breki zinaposhikwa. Kupanga ekseli katika hali hiyo ni kupoteza pesa. Bushi za shaba nyeusi pamoja na bolti zenye njia ya grisi na shakeli nene ni matengenezo ambayo karibu kila trela la springi linastahili. Hanga nazo zikaguliwe zinapoungana na chesisi, kwani kona kali huzikunja kando hadi mchomeleo ukapasuka, na ufa huanza mwembamba kama unywele chini ya rangi.

Yote hayo yakiwa mazima, ndipo futi kamba hutolewa. Trela huvutwa mbele mita kadhaa kwa mstari ulionyooka, bila kurudishwa nyuma, ili matairi yaachie msokoto wa kona ya mwisho. Timazi huning'inizwa katikati ya kiungo cha mbele na alama ikawekwa chini, kisha umbali ukapimwa kutoka alama hiyo hadi sehemu ileile ya kila ncha ya ekseli ya kwanza. Mafundi wengi hutaka tofauti isizidi milimita 3. Halafu hupimwa umbali kati ya ekseli ya kwanza na ya pili, kulia na kushoto. Tofauti hapa huashiria mara nyingi senta bolti iliyokatika au yu-bolti zilizolegea, ekseli ikateleza juu ya springi. Kosa la hanga kuchomelewa vibaya pia lipo, hata kwenye trela jipya. Mwelekeo wa magurudumu hupimwa kwa kuzungusha tairi huku likichorwa mstari mmoja mwembamba katikati ya kashata, kisha kulinganisha umbali kati ya mistari ya kulia na kushoto, mbele na nyuma ya matairi. Mwinamo huangaliwa kwa pimamaji iliyoegeshwa kwenye rimu.

Jeki ni kisababishi ambacho hutajwa mara chache. Watengenezaji huonya kwamba trela lisiinuliwe kwa kuweka jeki chini ya bomba la ekseli, kwa kuwa bomba hilo halikutengenezwa kubeba uzito katikati ya urefu wake. Hata hivyo fundi pancha mwenye haraka huiweka papo hapo, na tairi linalorekebishwa leo huacha ekseli iliyopindika itakayokula matairi yake mawili. Jeki iwekwe chini ya chesisi, karibu na hanga.

Ekseli iliyopinda kidogo inaweza kunyooshwa. Kazi hiyo hufanywa na karakana za matrela ya mizigo, zenye boriti nzito na jeki za haidroli zinazolikunja bomba likiwa baridi. Kulipasha kwa mtungi wa gesi kusikubaliwe, kwa sababu moto hubadilisha nguvu ya chuma. Kwa ekseli ya mpira moto huharibu pia mpira wa ndani. Ekseli ya mpira iliyochoka hubadilishwa nzima. Hata ya springi, ikiwa imepinda sana au imeshawahi kunyooshwa, kununua nyingine huwa busara zaidi, maana ekseli ndogo huuzwa kwa dola mia kadhaa, na seti moja ya matairi mazuri inaweza kufikia kiasi hicho.

Matrela ya kambi yanayotengenezwa Afrika Kusini, ambayo watalii huyavuta hadi Tanzania na Kenya, mengi yana ekseli moja, kwa hiyo hayana tatizo la matairi kuburutana kwenye kona. Adui yao ni barabara ya vumbi yenye mawimbi, inayolegeza yu-bolti kwa mtikisiko wa saa nyingi. Yu-bolti hizo zikaguliwe kwa spana kila jioni.

Matairi mapya yafungwe baada ya matengenezo, kwa jozi kwenye ekseli moja, na tarehe yao isomwe kwanza: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi mengi ya ST yasiyo na alama ya mwendo yaliundwa kwa kikomo cha kilomita 105 kwa saa, ingawa mapya mengi yameruhusiwa zaidi. Nati za magurudumu hukazwa tena baada ya maili 10, 25 na 50 za mwanzo. Kisha kina cha kashata kipimwe sehemu tatu za kila tairi, ndani, katikati na nje, kikaandikwa, na kupimwa tena baada ya kilomita elfu mbili hivi. Namba tatu zikishuka pamoja, ekseli imenyooka. Moja ikitangulia, vipimo virudiwe kuanzia kwenye mizani.