Nyumba ya Mawe ya Kaloleni

Mawe ya kijivu yaliyojenga mitaa ya zamani ya Eastlands, Nairobi, asili yake ni majivu ya volkano. Majivu hayo yalimwagika mamilioni ya miaka iliyopita, Bonde la Ufa likifunguka, yakashikamana tabaka juu ya tabaka hadi yakawa mwamba. Machimbo yake yameacha mashimo mengi upande huo wa mashariki wa jiji. Jaa la taka la Dandora, kwa mfano, lilifunguliwa mwaka 1975 ndani ya timbo kuukuu.

Jiwe hili likitoka ardhini huwa na unyevu na huchongeka upesi. Likikaa juani hukauka likawa gumu. Ndiyo maana huchongwa palepale timboni. Fundi huanza na kingo, akinyoosha kwa tindo na nyundo ukanda mwembamba kuzunguka uso wa jiwe, ndipo aingie katikati. Ukuta usiopigwa lipu huonyesha kila pigo la tindo, na hapana pambo linaloushinda.

Nyumba za Kaloleni, mtaa wa Eastlands karibu na Jogoo Road, zilijengwa kwa jiwe hili katika miaka ya 1940. Kabla yake, serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa kibarua wa kupita, mwanamume anayetosheka na nafasi ya kitanda huku mke na watoto wakibaki mashambani. Kujenga nyumba ya mawe yenye vyumba vya familia kulikuwa kukiri kwamba watu hao wamekuja kukaa. Ramani ya mtaa ilifuata wazo la mji wa bustani lililotolewa na Mwingereza Ebenezer Howard mwaka 1898: nyumba fupi za paa la vigae, viwanja vya nyasi kati yake, na ukumbi wa jamii katikati ya mtaa. Katika ukumbi huo siasa za uhuru zilijadiliwa kwa uzito hata ukabandikwa jina la Bunge la Uingereza.

Leo nyumba nyingi zimeongezewa vyumba vya mabati kwa nyuma, kwa kuwa familia zimekua na kodi za mjini zimepanda. Kuta zenyewe zingali imara. Hatari yake kubwa ni ukarabati mbaya: saruji ngumu ikijazwa kwenye viungo hufungia maji ndani ya jiwe, na uso wake huanza kumeguka. Mchanganyiko wenye chokaa, ulio laini kuliko jiwe, huruhusu ukuta kukauka.