Kupima Nuru ya Flashi katika Picha za Kufundishia

Mwalimu afundishaye somo la madini katika mikoa ya Shinyanga na Geita hana haja ya kutafuta picha mbali. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wamo vijijini. Kamera yamtosha, mradi ajue kuitumia penye jua kali na kivuli kizito.

Tuchukue mfano. Mchimbaji ameketi kivulini mwa kibanda, akichanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu. Nyuma yake uwanja unawaka jua la saa saba. Kamera hupima wastani wa nuru yote iliyo mbele yake. Kwa kuwa uwanja ndio mpana na mweupe, hupunguza nuru, na mchimbaji hutoka mweusi kama kivuli. Picha ilikusudiwa kuwaonya watoto kwamba zebaki ni sumu, na kwamba mvuke wake hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Mikono isipoonekana, onyo limepotea.

Nuru mbili, vipimo viwili

Hapana budi kuelewa kwamba picha hii hupigwa kwa nuru mbili. Nuru ya jua hutawaliwa na tundu la lenzi pamoja na muda ambao kilango cha kamera hukaa wazi. Nuru ya flashi hutoka kufumba na kufumbua. Muda wa kilango hauibadilishi. Hiyo hutawaliwa na tundu la lenzi na umbali. Umbali ukizidi mara mbili, nuru imfikiayo mtu hubaki robo.

Tuseme kamera imewekwa ISO 100, na flashi ina namba ya mwongozo 32 kwa mita.

(a) Pima uwanja kwanza. Katika jua kali, kipimo ni sekunde 1/125 na tundu f/16.

(b) Gawanya 32 kwa 16. Ukisimama mita 2 kutoka kwa mchimbaji, mikono itapata nuru ya kutosha kulingana na uwanja.

(c) Kivuli kikifutika mno, rudi hadi mita 2.8. Nuru ya flashi itapungua nusu: mikono itaonekana, na kivuli kitabaki kivuli.

Usizidishe kasi ya kilango kupita kiwango cha flashi, ambacho katika kamera nyingi ni kati ya 1/60 na 1/250. Ukipita, sehemu ya picha itakuwa nyeusi.

Darasani mambo hugeuka: flashi huwapausha watoto wa mbele na kuwaacha wa nyuma gizani. Egemeza kamera mezani, acha kilango wazi kwa sekunde 1/15, punguza nguvu ya flashi, na uwaambie watoto watulie. Taa ya simu ni dhaifu kushindana na jua. Afadhali ubadili pembe ili nyuma ya mtu pawe na kivuli.

Tahadhari

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Usiingie ndani ya duara, wala usisogelee mahali zebaki inapochomwa.

Zoezi

Msimamishe mwenzako mlangoni mwa darasa, uwanja wenye jua ukiwa nyuma yake. Piga picha tatu: bila flashi, kwa mita 2, na kwa mita 2.8. Zilinganishe, kisha eleza ni ipi ungewaonyesha wanafunzi, na kwa sababu gani.