Mtoto aliyefunga choo hahitaji kiboko

Kuna mambo ambayo jamii yetu huyanong'ona tu, na aghalabu mambo hayo ndiyo yanayowaumiza wanyonge zaidi. Haja kubwa ya mtoto mdogo ni mojawapo. Mwalimu wa chekechea anaweza kusimama mbele ya kikao cha wazazi akazungumzia karo, sare na uji wa saa nne bila kigugumizi. Lakini ikifika zamu ya kueleza kwamba mtoto fulani hajaenda choo kwa siku tano, na kwamba suruali yake huchafuka karibu kila siku, huinamisha kichwa na kumwita mama mtu kando. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Leo nataka tulizungumze jambo hili waziwazi, nami nawaomba radhi wale watakaolisoma wakiwa mezani.

Mtoto ninayemkusudia ana umri wa kati ya miaka 2 na 5. Yumo katika kipindi cha kuachishwa nepi na kufundishwa kukaa kwenye poti. Siku moja, labda baada ya homa iliyompunguza maji mwilini, au baada ya kubadilishiwa chakula, au kwa kuwa amepelekwa kwa nyanya yake ambako choo ni kigeni kwake, anapata choo kigumu kinachomchoma na pengine kumchubua. Mtoto huyo hana falsafa ndefu. Akili yake inamwambia jambo moja tu: kitu hiki kinauma. Kesho yake haja inapomjia anajikaza. Haja inapita, naye anajiona ameshinda. Hajui kwamba kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji, na kwamba kinyesi kinachokaa ndani kwa siku 3 au 4 huzidi kukauka hadi kikawa kama kigae. Kinapolazimika kutoka, kinauma kuliko mara ya kwanza, na hofu yake inapata ushahidi.

Wazazi wengi huwaona watoto kama hawa wakisimama kwa ncha za vidole, wakipishanisha miguu, wakikaza makalio na kujificha nyuma ya mlango huku jasho likiwatoka, wakadhani kwamba wanajisukuma ili wapate choo. La hasha! Wanazuia. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu mzazi anayeamini kwamba mwanawe anajitahidi humhimiza asukume zaidi, hali mtoto anapigania kinyume cha hayo.

Sasa tuingie darasani. Kinyesi kinaporundikana kwa majuma, sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka, na ile hisia inayomwambia mtu kwamba haja imewadia hufifia. Kinyesi kipya, ambacho bado ni laini, hupenya kando ya bonge lililoziba na kuvuja kwenye nguo bila mtoto kuhisi. Mwalimu anaona suruali imelowa na kunuka, anahitimisha kwamba mtoto anaendesha au ni mvivu wa kuomba ruhusa. Nyumbani mama anaarifiwa kwamba mwanawe anahara. Anamnyima papai na mboga, pengine anamnunulia dawa ya kuzuia kuhara, na ziba linakuwa ziba maradufu. Ninaamini kwamba hapa ndipo watoto wengi wanapodhulumiwa kwa nia njema. Mtoto aliyefunga choo anatibiwa kuhara, kisha anaadhibiwa kwa uchafu.

Madaktari hawasemi kwamba mtoto amefunga choo kwa kuwa tu amekosa kwenda siku moja. Hutafuta dalili mbili au zaidi zilizodumu kwa muda: kwenda mara 2 au pungufu kwa wiki, choo kigumu au chenye maumivu, choo kinene kupita kiasi, tabia ya kujizuia, kuchafua nguo kwa mtoto ambaye tayari alikwisha kujua choo, au bonge ambalo daktari hulipata tumboni. Kwa upande mwingine, mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee, akiisha kupita wiki zake za kwanza, anaweza kukaa siku kadhaa bila haja kubwa na asiwe na dosari yoyote, almuradi kinapotoka ni laini. Huyo aachwe apumzike.

Je, ni ukaidi wa poti unaoleta ugumu wa choo, au ni ugumu wa choo unaoleta ukaidi? Swali hili si la kubishania barazani. Mwaka 1997 mtafiti Bruce Taubman wa Marekani alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 482 na akaona kwamba zaidi kidogo ya mmoja kati ya kila watano alikataa kwenda haja kubwa kwenye poti au choo kwa mwezi mmoja au zaidi, ingawa haja ndogo alikuwa akienda vyema. Kisha mwaka 2004 yeye na wenzake, wakiongozwa na Nathan Blum, wakaonyesha kwamba miongoni mwa watoto waliokuwa na choo kigumu na wakakataa poti, kwa kawaida ugumu ndio uliotangulia. Kwa hiyo anayepigana na ukaidi anapigana na kivuli.

Najua kuna watakaonijibu kwamba samaki mkunje angali mbichi, na kwamba mama zetu waliwazoesha watoto mapema bila poti wala daktari. Ni kweli, na ushahidi uko hapa hapa Pwani. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries walichapisha maelezo yao kuhusu Wadigo, ambao mama zao huanza kumzoesha mtoto akiwa na wiki chache tu, na kutarajia awe amezoea kwa kiasi kikubwa akifika miezi 5 au 6. Mama huketi chini, akampakata mtoto katikati ya miguu yake, akatoa mlio maalumu wa kumwashiria, na mtoto anapoitika hupongezwa na kunyonyeshwa. Lakini tusisome nusu ya habari. Utaratibu ule unamtaka mama au mlezi awe karibu na mtoto usiku na mchana, azijue ishara zake ndogo ndogo, na asimwadhibu. Mama wa leo anayepanda matatu alfajiri na kurejea usiku, akimwachia mtoto yaya aliyeanza kazi juma lililopita, hawezi kuchukua umri ule wa Wadigo na kuuacha mpakato wao. Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka 1962, daktari T. Berry Brazelton alikuwa amependekeza kwa Wamarekani njia nyingine kabisa: kungoja hadi mtoto aonyeshe utayari, kuanzia kama miezi 18. Njia hizi mbili zinatofautiana kama mbingu na ardhi kuhusu umri, ilhali zinakubaliana kwamba shuruti haina nafasi.

Kwa mtoto aliyekwisha kufunga choo, basi, hatua ya kwanza ni kuliacha somo la poti kwa muda. Akitaka nepi, arudishiwe nepi bila kusimangwa. Wapo watoto wanaokubali kwenda haja kubwa ndani ya nepi pekee. Hao na waruhusiwe, ila wafanyie chooni badala ya nyuma ya kochi, baadaye waketi kwenye poti wakiwa na nepi yao, na siku moja nepi itatolewa pasipo kelele. Wakati huo huo tumbo litibiwe. Bonge lililokwisha kukauka halitoki kwa papai. Mtoto apelekwe kwenye zahanati au hospitali apewe dawa ya kulainisha choo inayolingana na umri na uzani wake, kama vile laktulosi au zile zinazoitwa makrogoli, ambazo huyavuta na kuyahifadhi maji ndani ya utumbo.

Kosa linalorudiwa sana ni kuiacha dawa mara tu mtoto anapopata choo kizuri mara mbili tatu. Utumbo uliotanuka hauwezi kurudia umbo lake kwa juma moja. Mwongozo uliotolewa mwaka 2014 na vyama vya madaktari wa tumbo la watoto vya Ulaya na Amerika Kaskazini unasema matibabu yaendelee kwa angalau miezi 2, dalili ziwe zimetoweka kwa mwezi mzima kabla ya kuanza kupunguza dozi polepole, na kwamba kwa mtoto ambaye bado anafunzwa choo, dawa isisimamishwe mpaka awe amehitimu mafunzo hayo. Sharti hilo la mwisho lingefaa kubandikwa katika kila kituo cha kulelea watoto.

Lakini kuna tiba za nyumbani ambazo sharti tuziseme vibaya. Kipande cha sabuni kinachochongwa na kuingizwa katika njia ya haja ya mtoto huunguza ngozi laini ya ndani. Maji ya dawa za miti yanayopitishwa nyuma kwa bomba la mpira yamekwisha kuwadhuru watoto wengi. Mafuta ya mbarika humsokota tumbo. Hata pale ambapo choo kinatoka, mtoto amejifunza kwamba watu wazima humkamata na kumtia kitu kinachouma mahali panapomuuma, na poti inakuwa adui wa kudumu.

Kuhusu chakula sina maneno mengi. Mtoto ale kama inavyompasa mtoto: ugali wa unga usiokobolewa, uji wa wimbi, maharagwe, sukuma wiki, papai, embe na chungwa linalotafunwa pamoja na nyama yake, na anywe maji ya kutosha. Vyakula hivi huzuia zaidi ya vinavyotibu. Anayeshinda akinywa maziwa ya ng'ombe, kikombe juu ya kikombe, hashikwi na njaa ya chakula kingine. Isitoshe, mwaka 1998 madaktari wa Italia waliwajaribu watoto 65 waliokuwa na tatizo sugu la kufunga choo, na 44 miongoni mwao wakapata nafuu walipopewa maziwa ya soya badala ya yale ya ng'ombe. Hao walikuwa wagonjwa waliokwisha kushindikana kwa dawa za kawaida, kwa hiyo mzazi asikimbilie kuyakata maziwa bila ya kumwuliza daktari.

Choo kikilainika, poti irudi. Utumbo huamka baada ya mlo, na wakati mwafaka wa kumketisha mtoto ni punde baada ya chai ya asubuhi na baada ya chakula cha jioni, kwa dakika 5 hadi 10, si nusu saa. Nyayo zake zikanyage sakafu au kigoda na magoti yainuke kupita nyonga. Mtoto anayening'inia juu ya choo cha kukalia, miguu ikielea hewani, hana pa kujikazia. Apewe firimbi au puto la kupuliza, kwani kupuliza hukaza misuli ya tumbo bila yeye kujua. Asifiwe kwa kuketi, hata kama hakutoa kitu.

Mambo yote haya yanaweza kuharibiwa na shule kwa siku moja. Miongozo ya ujenzi wa vyoo shuleni hutaja tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Tuseme kiwango hicho kimetimizwa, na mapumziko ni dakika 15: kila mvulana ana nusu dakika. Nani kati yetu awezaye? Tena tundu lenyewe limetobolewa kwa kipimo cha mtu mzima, ndani ni giza, na sakafu imelowa. Hofu ya mtoto wa miaka 4 kwamba atatumbukia si upuuzi. Mwezi Januari 2014 mtoto wa miaka 5 alikufa ndani ya choo cha shimo cha shule yake katika mkoa wa Limpopo, Afrika Kusini, na mwezi Machi 2018 mwingine wa umri huo huo akafa vivyo hivyo katika mkoa wa Eastern Cape. Watoto wa chekechea wajengewe tundu dogo, mlango uruhusu mwanga, na mtu mzima awasindikize. Nayo ile sheria ya darasani ya kwamba haja ingoje kengele iondolewe kabisa kwa watoto wa umri huu, hata ikiwa kuna watakaoitumia kutoroka hesabu.

Viboko vilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikalikariri katazo hilo. Hata hivyo, kuna adhabu zisizo na fimbo: kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake akiwa na nguo iliyochafuka, kumbandika jina, kumrudisha nyumbani kama mzigo ulioharibika. Mwalimu anayeweka suruali safi katika kabati, akamtoa mtoto nje kimya kimya na kumsafisha, amefanya kazi ya ualimu kama yule aliyemfundisha irabu.

Mwalimu huyo huyo ana daftari. Aandike tarehe ambazo nguo ilichafuka, saa, na kama mtoto alilalamika tumbo, kisha ampe mzazi karatasi hiyo aende nayo hospitalini, maana daktari atayauliza hayo hayo. Na akiona tumbo limevimba, mtoto anatapika, ana homa, amekonda, miguu imelegea au choo kina damu, asingoje kikao cha wazazi. Vivyo hivyo kwa mtoto ambaye mamake anasema hakupata choo chake cha kwanza ndani ya saa 48 tangu azaliwe: huyo huenda alizaliwa na kasoro katika mishipa ya fahamu ya utumbo, ambayo dawa za kulainisha haziiponyi, na aonwe na daktari wa upasuaji.