Nyota za Rika Moja Juu ya Lubumbashi

Kiangazi kikishika Lubumbashi, mawingu hutoweka na kundinyota la Nge hupanda usiku hadi karibu na utosi. Tazama karibu na mwiba wa mkia wake: kuna doa hafifu la mwanga. Hiyo ni Messier 7, fungu la nyota lililo umbali wa karibu miaka ya nuru 1,000. Nyota zake zilizaliwa pamoja, yapata miaka milioni 200 iliyopita.

Fungu kama hilo huanzia katika wingu kubwa la gesi na vumbi, lenye baridi ya nyuzi 260 hivi chini ya sifuri. Gesi ya moto husukumana na kutanuka. Iliyopoa namna hiyo hushindwa kuhimili uzito wake yenyewe. Sehemu zilizosongamana huporomoka kuelekea ndani na kupata joto, na kitovu kikifikia nyuzi milioni 10 hivi, viini vya haidrojeni huanza kuungana na kuwa heliamu. Nyota imewaka. Zile kubwa zikishawaka, miale na upepo wake hufukuza gesi iliyobaki, na uzazi hukoma. Ndiyo maana sehemu ndogo tu ya wingu hugeuka nyota. Kinachoamua ukubwa wa sehemu hiyo, na kwa nini mafungu mengi husambaratika yangali machanga, ni maswali yanayoandikiwa tasnifu za udaktari hadi leo.

Mtafiti huanza kwa kupepeta, kwa kuwa nyota za fungu huonekana zimechanganyika na zilizo mbele na nyuma yake. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, ilipima umbali na mwendo wa nyota zaidi ya bilioni 1. Zenye umbali mmoja na mwendo mmoja hubaki, nyingine huondolewa. Zilizobaki hupangwa kwa rangi na mng'ao. Nyota nzito za buluu humaliza haidrojeni ya kitovuni haraka, kwa hiyo ile nzito kuliko zote ambayo bado inayo hufichua umri wa rika zima.

Vipimo vya Gaia hutolewa bure. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi mwenye kompyuta na intaneti anaweza kufungua orodha ileile inayofunguliwa Cambridge au Heidelberg.

Nasi Wakatanga tuna haki ya kuifungua. Shaba na kobalti zilizo chini ya miguu yetu zilitengenezwa ndani ya nyota nzito na katika milipuko yao, kabla Jua halijazaliwa. Tangu shaba ianze kuyeyushwa kiwandani Lubumbashi mwaka 1911, mali ya ardhi hii imekuwa ikisafirishwa, na faida kubwa kuvunwa kwingine. Katika elimu ya nyota malighafi ndiyo inayotujia, bila malipo, na kazi ya kuigeuza maarifa inaweza kuanza na kukamilika hapahapa. Vijana wenye hisabati tunao. Wapewe wasimamizi, mashine na muda.