Undugu na Sura: Vipepeo wa Jenasi ya Papilio

Mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliwaweka vipepeo wote katika jenasi moja, Papilio. Siku hizi jina hilo limebakia kwa spishi zipatazo 200.

Miongoni mwao yumo Papilio dardanus wa Afrika. Dume ana rangi ya manjano hafifu na nyeusi, na mabawa yake ya nyuma yana mikia. Majike wa bara huwa na sura nyingi, na wengi wao hawana mikia. Wako wamfananao Amauris niavius, mweusi mwenye mabaka meupe. Wengine humfanana Danaus chrysippus, wa rangi ya chungwa. Vipepeo hao wawili hawaliki vizuri. Hivyo ndege aliyekwisha kuonja ubaya wao humwacha hata yule anayewaiga tu.

Wataalamu wa awali, wakitazama mabawa peke yake, waliwapa majike hao majina ya spishi mbalimbali. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyefanya kazi Afrika ya Kusini, alieleza kwamba wote ni spishi moja. Uchunguzi wa jeni umethibitisha kuwa tofauti hizo zote hutawaliwa na sehemu moja ndogo ya kromosomu. Tena, miongoni mwa ndugu wa karibu wa dardanus yumo Papilio phorcas, mwenye mabawa ya kijani.

Basi, wafananao si lazima wawe ndugu, na ndugu si lazima wafanane. Uainishaji ulio sahihi hufuata nasaba. Sura ni ushahidi mmoja tu, nao hauna budi kupimwa.